Shajara ya mradi: kuvuta faiba mpaka mwanga usioonekana utoke wa kijani

6 Februari. Lengo

Gesi imefika na meza imesimama, kwa hiyo shajara inaanza. Mradi wenyewe ni huu: kuchukua faiba ya kawaida ya mawasiliano, jamii ile ile inayotumika kwenye Mkongo wa Taifa, kuipasha moto na kuivuta mpaka sehemu yake ya katikati ibaki na kipenyo kisichofika mikromita moja, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Kisha nipitishe humo mapigo ya leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550 (nanomita elfu moja ni mikromita moja), ambayo jicho la mtu haliyaoni kabisa, na upande wa pili nipokee mwanga wa nanomita 517, kijani safi. 1550 gawa kwa 3. Fotoni tatu, yaani chembe tatu za mwanga, zinaungana ndani ya kioo, inatoka moja yenye nishati ya zote tatu.

Kwa nini uzi uwe mwembamba hivyo? Faiba ya kawaida ina ganda la kioo lenye kipenyo cha mikromita 125, na ndani yake kiini cha mikromita 8 na ushei. Mwanga wa 1550 hujaza duara la mikromita 10.4 hivi, yaani eneo la mikromita mraba 85. Ukishaivuta faiba mpaka kiuno chake kikaribie mikromita moja, kile kiini kinakuwa kidogo mno kushika mwanga wowote. Kioo chote sasa ndicho kiini, na hewa ndiyo ganda. Kwa kuwa kioo na hewa vinatofautiana sana, mwanga unabanwa ndani ya eneo la karibu mikromita mraba moja tu. Nguvu ni ile ile, ila imesongamana mara sabini na kitu.

Hapo kioo kinaacha kuwa njia tu ya kupitia. John Kerr alionyesha mwaka 1875, akiwa Glasgow, kwamba uga wa umeme hubadilisha jinsi kioo kinavyopitisha mwanga. Mwanga nao ni uga wa umeme. Ukiwa mkali wa kutosha, unajibadilishia njia wenyewe. Kwa mapigo yetu yenye kilele cha wati 200, badiliko hilo ndani ya kiuno ni kama sehemu 5 kwa milioni. Ni dogo, lakini katika milimita chache mwanga hupita maelfu ya mawimbi, na vidogo hivyo vinajumlishana. Ndiyo maana athari hizi huitwa zisizofuata mstari: ukizidisha mwanga mara mbili, unachopata upande wa pili hakizidi mara mbili tu.

Kuna sababu pia ya kuchagua tatu na si mbili. Atomu za kioo cha silika zimetawanyika bila kuelemea upande wowote, na kwa mpangilio huo mwili wa kioo hauwezi kuunganisha fotoni mbili kuwa moja. Hilo hutokea kidogo tu kwenye uso wa uzi, ambako kioo kinakutana na hewa. Kuunganisha tatu, kioo chochote kinaliweza.

Lengo la mbali nalitaja sasa ili lieleweke: njia ya kwenda ndiyo ya kurudi. Uzi unaoweza kuunganisha fotoni tatu za 1550 kuwa moja ya kijani ndio huo huo unaofaa kujaribu kupasua fotoni moja ya kijani kuwa tatu za 1550, zilizofungamana tangu kuzaliwa. Hilo ni gumu mara nyingi zaidi. Lakini pa kuanzia ni pamoja.

11 Februari. Mwendo wa pamoja

Leo nimekaa na hesabu tu. Kioo hakipitishi rangi zote kwa mwendo mmoja. Katika silika tupu mwanga wa 517 huenda polepole kuliko wa 1550, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuharibu kila kitu. Kijani kinachozaliwa hapa hakilingani na kile kilichozaliwa nyuma kidogo. Ni kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja: wakishika mdundo unga unapatikana, wakiupoteza michi inagongana. Kwa faiba nene, mdundo unapotea kila baada ya mikromita 15 hivi. Kijani kilichojengwa katika mikromita 15 za kwanza kinabomolewa katika 15 zinazofuata. Unaweza kuwa na kilomita ya faiba na usipate kitu cha maana.

Wembamba unatoa njia ya kutokea. Uzi ukiwa mwembamba kuliko urefu wa wimbi, sehemu kubwa ya mwanga wa 1550 inasafiri nje ya kioo, hewani, ikiwa imeshikamana na uzi. Hewani mwanga hukimbia zaidi, kwa hiyo 1550 inaongeza mwendo. Kijani chenyewe, kikisafiri kwa umbo lake la kawaida, kingebaki ndani ya kioo na kuachwa nyuma. Lakini kinaweza kusafiri kwa umbo jingine, modi ya HE12, yenye doa katikati na pete kulizunguka. Modi hiyo nayo inaongeza mwendo uzi unapopungua. Kuna kipenyo kimoja ambapo mwendo wa hizo mbili unalingana kabisa. Watafiti Grubsky na Savchenko walipoeleza jambo hili mwaka 2005 ndipo watu wengi walipoanza kuvuta nyuzi kwa shabaha hiyo. Kwa 1550 kipenyo hicho ni karibu mikromita 0.77.

Kisha nikapiga hesabu ya ustahimilivu, na nikairudia kwa sababu sikutaka kuiamini. Kiuno cha milimita 4, ili kijani kijengeke kutoka mwanzo hadi mwisho bila kubomolewa, kinatakiwa kisitofautiane kipenyo hata kwa nanomita moja. Kifungo kati ya atomu ya silikoni na ya oksijeni kina urefu wa nanomita 0.16. Tunazungumzia unene wa atomu chache kwenye uzi wa urefu unaoonekana kwa macho. Kwa hiyo hakuna atakayejenga kijani kamili kwenye kiuno chote. Kila mtu anapata vipande. Swali la mradi wangu ni vipande virefu kiasi gani.

18 Februari. Hesabu ya kuvuta

Kanuni ya watafiti Birks na Li ya mwaka 1992, inayotabiri umbo la faiba inayovutwa, bado ndiyo msingi, na uzuri wake ni kwamba inatoka kwenye jambo moja: kioo hakiongezeki wala hakipotei. Kama moto unalainisha urefu L usiobadilika, na umeshavuta ncha mbili zikaachana kwa umbali x, basi

kipenyo = 125 × e^(−x/2L)

Kwa L ya milimita 5, kufika mikromita 0.77 kunahitaji x ya milimita 51 hivi. Mvuto wa sentimita tano tu unaigeuza faiba ya mikromita 125 kuwa uzi usioonekana.

Sasa angalia makosa yanatoka wapi. Mota zangu zikikosea mikromita 10 mwishoni, kipenyo kinakosea sehemu moja kwa elfu, chini kidogo ya nanomita moja. Mota nzuri hazikosei hata hivyo. Lakini L, upana wa sehemu iliyolainika, ikikosea kwa asilimia 1, kipenyo kinakosea kwa asilimia 5, karibu nanomita 40. Na nani anaujua upana wa moto kwa asilimia 1? Upepo wa mlango ukifunguliwa unaubadilisha. Shinikizo la gesi likishuka kidogo, unabadilika. Wengi wanaouliza kuhusu kazi hii huuliza mota ni za aina gani. Mashaka yote yamo kwenye moto.

25 Februari. Waliotangulia

Nasubiri vali, nasoma. Charles Vernon Boys, London, mwaka 1887, alivuta nyuzi za kwazi kwa upinde: alishikiza kwazi iliyoyeyuka kwenye mshale mwepesi wa bua, akaufyatua, nao ukaondoka na uzi nyuma yake. Alizitaka nyuzi hizo kwa ajili ya vipimo vya nguvu ndogo mno, na baadaye kwa nyuzi hizo alipima nguvu ya uvutano. Mwanga haukuwa shida yake hata kidogo.

Mwanga uliingia baadaye sana. Mwaka 2000 Birks, Wadsworth na Russell wa Chuo Kikuu cha Bath walivuta faiba mpaka mikromita 2 hivi, wakaipitishia mapigo mafupi ya leza ya rangi moja, na ikatoka mikanda ya rangi kuanzia nanomita 370 hadi 1545. Mwaka 2003 Limin Tong na wenzake wakachapisha nyuzi za silika zenye kipenyo cha hadi nanomita 50, zenye uso laini kiasi cha kupitisha mwanga bila hasara kubwa. Na mwaka 2010 kundi la Bonn likafanya jambo ambalo kwangu ndilo ufunguo: walitumia rangi zinazozaliwa ndani ya uzi kupimia kipenyo cha uzi wenyewe, kwa usahihi wa chini ya asilimia 2. Nimebandika mchoro wao ukutani.

4 Machi. Moto

Vali imefika, tumevuta.

Faiba inavuliwa koti lake la plastiki kwa sentimita chache, inapanguswa kwa pombe safi, inabanwa kwenye meza mbili za kusogea. Chini yake kuna kichomeo cha hidrojeni na oksijeni, kiasi cha mbili kwa moja, ili kisibaki kitu zaidi ya mvuke. Moto wenyewe hauonekani taa zikiwaka. Unajua umefika mahali pake kioo kinapoanza kung'aa, cheupe kikielekea manjano, kikilainika kwenye nyuzi joto karibu 1,600 za Selsiasi. Meza zinaanza kuachana polepole, na kwa dakika ya kwanza hakuna kinachoonekana kutokea. Halafu ghafla faiba haipo. Ipo, lakini jicho limeipoteza. Kilichobaki ni mng'ao mwembamba unaotetemeka juu ya moto, na ukihema kwa nguvu unauona unahama.

Kazi yote ya kutazama inahamia kwenye skrini. Tunapitisha 1550 hafifu muda wote na kupima kinachofika upande wa pili. Mstari unaanza ukiwa tambarare. Kiini kinapopungua kiasi cha kushindwa kushika mwanga, mwanga unahamia kwenye ganda lote, na kama shingo ya uzi, pale faiba nene inapokonda kuelekea kiunoni, si ya mteremko mpole, sehemu yake inarukia HE12. Modi mbili zinasafiri kwa mwendo tofauti na kukutana mwishoni zikiongezana au kupunguzana, kwa hiyo mstari unaanza kupanda na kushuka. Kadiri uzi unavyorefuka ndivyo mawimbi hayo yanavyokaribiana, mpaka skrini inajaa wino. Kisha yanakatika. Mstari unarudi tambarare, umetulia kabisa.

Mkatiko huo una maana kamili. HE12 ya 1550 haiwezi kuishi ndani ya uzi wa silika mwembamba kuliko mikromita 1.81. Inapokufa, mawimbi yanakufa nayo. Bila kupima chochote kwa mkono, najua kipenyo cha kiuno katika sekunde hiyo.

12 Machi. Swali la Mwalimu

Mwalimu wangu wa fizikia wa sekondari, Morogoro, anafuatilia mradi. Nilimpigia simu jana jioni.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Nimesoma habari za uzi wako. Sasa hadubini mnazo za kazi gani huko Ujerumani? Si muuweke chini yake mpime, yaishe?"

Swali ni la haki, na jibu lake ndilo lililonipa mwelekeo wa mwezi huu. Hadubini ya mwanga haiwezi kutofautisha nanomita 770 na 790, kwa sababu mwanga inaoutumia una urefu wa wimbi unaokaribia ukubwa huo huo. Hadubini ya elektroni inaweza, lakini uzi inabidi ukatwe, upakwe tabaka la metali, uwekwe ndani ya ombwe. Ukishapimwa hautumiki tena, na nilichopima ni uzi wa jana, si nitakaouvuta leo kwa moto wa leo. Ninachohitaji ni kipimo kinachofanyika uzi ukiwa bado juu ya moto.

"Kwa hiyo mwanga utakupimia," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu. Mara mbili."

Hiyo "mara mbili" niliitamka kabla sijaifikiria vizuri. Nimeshinda nayo tangu jana: mkatiko wa HE12 kwenye 1.81, kijani kwenye 0.77. Alama mbili katika mvuto mmoja.

19 Machi. Leza, na kijani kingine

Leza ya mradi ni ya faiba iliyotiwa erbiamu, elementi inayokuza mwanga wa 1550: mapigo ya pikosekunde 5 (pikosekunde ni sehemu ya trilioni ya sekunde), milioni 20 kwa sekunde, wastani wa miliwati 20, kilele karibu wati 200. Wengine wanapenda mapigo mafupi zaidi, ya femtosekunde, yaani sehemu za elfu za pikosekunde, na kwa rangi nyingi ndiyo yanayofaa. Hapa nimeyakataa. Pigo lenye upana wa femtosekunde 100 linaanza kufunguka ndani ya faiba ya kawaida kabla halijamaliza hata nusu mita, na kiuno kingepokea pigo lililolegea. Pikosekunde 5 hupita bila kuguswa. Tena rangi yake ni nyembamba, na mimi nataka rangi moja kwa kipenyo kimoja.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha: faiba nene inayofikisha mwanga kwenye kiuno nayo inafanya kazi yake. Kiuno kina nguvu mara sabini zaidi kwa kila milimita, lakini ni milimita 5 tu. Mita 2 za faiba ya kawaida kabla yake zinapinda fezi ya pigo, yaani hatua ya mawimbi yake, kwa rediani 0.5 (mzunguko mzima wa wimbi ni rediani 6.28), ilhali kiuno, hata katika kipenyo chake chenye nguvu kuliko vyote, kinapinda kwa rediani 0.09. Yaani pigo lingefika likiwa limeshapanuliwa rangi na njia yenyewe. Nimekata faiba ya kuingilia ikabaki chini ya nusu mita.

Na kuna kijani cha kuogopa. Erbiamu ndani ya amplifaya, kikuza mwanga cha leza, ikisukumwa kwa nguvu, hung'aa kijani yenyewe, kati ya nanomita 520 na 550 hivi. Ukizima taa za maabara unauona kwenye mizunguko ya faiba ndani ya boksi. Hicho hakihusiani na uzi wangu hata kidogo. Kinatoka hata faiba ikiwa haijavutwa, kinatawanyika kwa upana, na hakijali kipenyo. Kwa hiyo kati ya amplifaya na uzi nimeweka filta inayozuia kila kitu chini ya nanomita 1400, na kamera ya kupokea ni ya silikoni, ambayo 1550 kwa kawaida haiioni. Mbele yake kuna kioo cha bluu-kijani kwa usalama zaidi. Sasa kijani chochote kitakachofika kwenye kamera kimezaliwa baada ya filta.

Miwani ya leza ni lazima. 1550 haionekani, na kutoonekana kwake hakuifanyi kuwa salama.

27 Machi. Kijani

Kimetoka.

Tulivuta taratibu, leza ikipita kwa nguvu zote. Mkatiko ulipita. Mstari ukatulia. Baada ya hapo kamera ilionyesha mimweko miwili ya haraka, mmoja ukizimika kabla sijaweza kuuelekezea macho. Hizo ni modi nyingine za kijani zinazolinganisha mwendo na 1550 kwenye vipenyo vinene zaidi, na uzi ulizipita tu njiani. Kisha ukaja wa tatu, nao haukuwa mmweko. Ulianza hafifu, ukakua, na kwenye kamera likajitokeza doa katikati na pete kulizunguka, umbo la HE12 kama linavyochorwa vitabuni. Nikasimamisha mota na kushusha moto.

Tukazima taa. Mwanzoni macho hayakuona kitu. Yalipozoea giza, pale katikati ya meza mbili, mahali ambapo uzi wenyewe hauonekani hata mchana, palikuwa na mstari wa kijani wa milimita chache, na juu yake vidoa viwili vitatu vinavyong'aa zaidi ambapo vumbi lilikuwa limegusa. Upande wa kushoto hakuna kijani, ni 1550 tupu inayoingia. Upande wa kulia kijani kinaondoka na faiba. Nilibaki nikiutazama kuliko kazi ilivyohitaji.

Ushahidi sasa. Spektromita, kifaa cha kutenganisha rangi za mwanga, inaonyesha mstari mwembamba kwenye 517, si ule mkanda mpana wa erbiamu. Nikapunguza nguvu ya leza nusu: kijani kikashuka hadi karibu moja ya nane. Nikaipunguza tena, kikashuka kwa uwiano ule ule. Fotoni tatu zikihitajika kukutana, ndivyo inavyotakiwa iwe: nusu mara nusu mara nusu. Kiasi chenyewe ni kidogo sana ukilinganisha na kilichoingia, na hilo lilitarajiwa. Profesa alipoona grafu aliuliza jambo moja tu: kipenyo ni kiasi gani kweli?

2 Aprili. Alama mbili

Hili ndilo nililokuwa nikilifukuza, na kwangu lina uzito kuliko kijani chenyewe.

Kanuni ya Birks na Li inasema kipenyo hutegemea x na L. Sina njia nzuri ya kupima L. Lakini kila mvuto unanipa pointi mbili ambazo kipenyo chake nakijua kutokana na fizikia ya modi pekee: 1.81 mawimbi yanapokatika, 0.77 kijani kinapofika kilele. Umbali ambao mota zimekwenda kati ya pointi hizo naujua kwa mikromita. Kwa hiyo L inapatikana: gawa umbali huo kwa 1.71, ambayo ni mara mbili ya logi asilia ya 1.81 juu ya 0.77. Basi.

Mvuto wa 27 Machi ulitoa milimita 9.1 kati ya alama. L ni milimita 5.3, siyo 5 niliyoiweka kwenye hesabu kutokana na ukubwa wa kichomeo. Inaonekana tofauti ndogo. Lakini kama ningevuta milimita 51 kama hesabu ya L ya 5 ilivyotaka, na nisiwe na mwanga wa kuniongoza, ningesimama kwenye mikromita 1.05 hivi nikidhani niko 0.77. Hakuna kijani cha HE12 hapo kabisa.

Kuna jambo jingine linalofanya njia hii iwe nzuri kuliko kupima moto kwa kamera au kwa kipimajoto. L haibaki ile ile tangu mwanzo hadi mwisho wa mvuto. Uzi mnene na uzi mwembamba havipokei joto kwa namna moja. Alama zangu zote mbili ziko mwishoni, pale ambapo kila kosa linazidishwa. Ninapata L ya sehemu inayohusika, siyo wastani wa safari nzima.

Nimewaeleza wenzangu wa maabara. Mmoja wao, anayevuta nyuzi za kunasa atomu za metali ya sizi (cesium), amechukua njia hiyo jioni hiyo hiyo kwa sehemu ya alama ya kwanza. Kwa kazi yake mkatiko wa HE12 peke yake, akitumia leza mbili za urefu tofauti wa wimbi, unampa pointi mbili bila kuhitaji kijani. Hilo sikuwa nimelifikiria, na ni zuri.

9 Aprili. Vumbi

Uzi wa 27 Machi haupo tena. Ulianza kupoteza mwanga ndani ya saa ya kwanza, kidogo kidogo, kila chembe iliyotua ikichukua fungu lake. Kwa faiba ya kawaida vumbi ni la kupangusa. Kwa uzi ambao nusu ya mwanga wake inasafiri nje ya kioo, chembe moja ni mwamba katikati ya njia: inatawanya mwanga, inapata joto, na chini ya leza kali kioo kinayeyuka pale pale. Ukatikaji wenyewe hauna sauti. Mstari kwenye skrini unashuka hadi sifuri, na nusu mbili za uzi zinaning'inia.

Tumejenga boksi la akriliki lenye hewa iliyochujwa, inayoshuka polepole kutoka juu. Upole ndio wenye shida, kwa sababu hewa inayotosha kufukuza vumbi inakaribia kutosha kuhamisha moto. Kwa sasa hewa inazimwa moto unapowashwa na kurudishwa moto ukiondoka.

16 Aprili. Kinachofuata

Boksi linafanya kazi. Uzi wa wiki hii bado unapitisha mwanga karibu kama ulipozaliwa.

Kipenyo kinacholinganisha mwendo hufuata urefu wa wimbi karibu kwa uwiano: ukisogeza leza kwa nanomita 1, kipenyo kinachofaa kinasogea karibu nusu nanomita. Leza yetu inaweza kusogezwa kati ya 1535 na 1560. Hiyo ni zaidi ya nanomita 12 za kipenyo ninazoweza kuzipekua bila kugusa uzi, baada ya moto kuzimwa na kila kitu kupoa. Nitasogeza rangi hatua kwa hatua na kuandika kijani kinachotoka katika kila hatua. Kilele chembamba kitamaanisha kiuno kilicho sawa. Vilele vingi vilivyotawanyika vitamaanisha kiuno chenye mabonde na vilima, na umbali kati ya vilele utasema vilima hivyo ni vya nanomita ngapi.

Programu ya kusogeza leza nimeianza. Filta ya 1400 inabaki ilipo. Mvuto unaofuata utakuwa na kiuno kirefu zaidi, kwa kupitisha moto huku na huku badala ya kuuacha mahali pamoja, na L itapimwa upya kwa alama mbili kabla ya kusimama.